Kwaya Inaposimama Peke Yake: Mwongozo wa Kuandaa Tamasha

Kwaya inayoimba vizuri kila Jumapili inaweza kupwaya siku ya tamasha, na mwalimu akabaki anajiuliza kumetokea nini. Waimbaji ni wale wale, nyimbo ni zile zile, hata kinanda hakikubadilishwa. Kilichobadilika ni kazi. Kanisani kwaya hubebwa na ibada: inaimba wimbo mmoja na kukaa, waumini wanapokea kiitikio na kufunika kila upungufu, mahubiri yanakuja na sauti zinapumzika nusu saa nzima. Aliyekuja kusali hana haja ya kuhesabu makosa ya besi. Tamashani hakuna mahubiri wala waumini wa kuitikia. Watu wamelipa kiingilio, wamekaa kimya, na kwa saa moja na nusu hawana kingine cha kusikiliza isipokuwa ninyi.

Ndiyo maana kwangu mimi maandalizi ya tamasha ni kazi moja yenye sura nyingi: kumwondolea mwimbaji, kimoja baada ya kingine, vitu alivyozoea kuviegemea. Karatasi, kinanda, mkono wa mwalimu, jirani mwenye sauti kubwa. Vyote vina nafasi yake mazoezini. Lakini kwaya iliyo tayari ni ile ambayo ukiviondoa bado inaimba, kwa sababu inasikilizana. Nauandika mwongozo huu kwa ajili yako mwalimu wa kwaya ya kujitolea, yenye waimbaji thelathini au hamsini ambao mchana wako sokoni, ofisini au darasani, na jioni wanafika mazoezini wakiwa wamesimama kwenye daladala njia nzima.

Hesabu kwanza, nyimbo baadaye

Chukua majuma 12, mazoezi mara mbili kwa juma, dakika 90 kila mara. Hayo ni mazoezi 24, yaani saa 36. Sasa toa dakika 20 kila zoezi kwa ajili ya sala, kupasha sauti, matangazo na kusubiri waliokwama kwenye foleni. Zinabaki saa 28. Ukiwa na nyimbo 14, kila wimbo una saa mbili za kazi, na hizo zinatosha kama umezipanga. Ukikubali nyimbo 20 zinazotakwa na kamati, kila wimbo unapata saa moja na dakika 24, na sehemu kubwa ya muda huo itaishia kufundisha noti tu. Wimbo utajulikana lakini hautaiva.

Hesabu ya jioni yenyewe nayo inakubaliana na hiyo. Nyimbo 14 za wastani wa dakika nne ni dakika 56. Makofi, kupanga waimbaji na maneno mafupi ya mshereheshaji yatakula dakika moja na nusu kwa kila wimbo, yaani dakika 21. Ongeza mapumziko ya robo saa na unafika dakika 92. Msikilizaji akitoka hapo akiwa bado na hamu, mwakani atarudi.

Nusu ya nyimbo hizo ziwe za zamani, zile ambazo kwaya inazijua usingizini. Katika nusu ya pili weka mbili au tatu tu zinazowavuta waimbaji juu kuliko walivyozoea. Na usidanganywe na ukubwa wa wimbo. Kwaya nyingi zetu hukimbilia Haleluya ya Handel, kutoka katika Masihi iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, kwa sababu watu wanaijua na watasimama. Ni chaguo zuri, mradi ukumbuke kwamba sauti ya kwanza hushikilia noti moja kwa muda mrefu na kupanda ngazi kwa ngazi, na waimbaji waliochoka hawataifikia. Upande wa pili yupo Mozart na *Ave verum corpus*, aliyoiandika mwaka 1791, mwaka aliofariki. Ni wimbo wa dakika tatu hivi, wa taratibu, noti zake zinaonekana rahisi kwenye karatasi. Hakuna wimbo unaofichua kwaya kama huo. Kila pumzi iliyokatwa vibaya inasikika hadi kiti cha nyuma. Ukiweza kuuimba bila kinanda na kumaliza pale ulipoanzia, kwaya yako imekomaa.

Hata hivyo, uti wa mgongo wa tamasha letu uwe nyimbo zetu. Tanzania ina hazina ya watunzi ambayo wageni wanaionea wivu: John Mgandu, Gideon Mdegella, Bernard Mukasa na wengine wengi ambao nakala zao zinazunguka kutoka parokia hadi parokia, zikinakiliwa kwa mkono hadi makosa yanakuwa sehemu ya wimbo. Tafuta nakala iliyo safi. Mtunzi akiwa hai, mpigie simu: utaomba ruhusa, jambo ambalo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalidai na heshima inalidai zaidi, na papo hapo utamuuliza mwendo alioukusudia. Mara nyingi utagundua kwamba mmekuwa mkiukimbiza wimbo wake miaka yote.

Ukiingiza wimbo wa asili wa Kihaya, Kisukuma au Kinyakyusa, mtafute mwenye lugha akae mazoezini, si mara moja, hadi matamshi yakae sawa. Ukumbini hatakosekana mzee wa lugha hiyo. Na ukitaka kuona ngoma inavyoweza kubeba sauti bila kuzifunika, sikiliza Missa Luba, misa ya Kilatini iliyozaliwa Kamina, Katanga, mwishoni mwa miaka ya 1950 chini ya Padre Guido Haazen. Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, nayo iliirekodi. Wapigaji wa ngoma zako wasikilize ngoma za humo zinapigwa kwa nguvu kiasi gani pale waimbaji wanaposhusha sauti.

Jambo moja silifanyii mapatano: pleibeki. Kusimama jukwaani na kuchezesha midomo huku flashi ikiimba kunaweza kufaa kwenye kurekodi video. Mtu aliyenunua tiketi ya tamasha amekuja kusikia watu wanaopumua.

Kufundisha wimbo kuanzia mwisho

Karibu kila kwaya inajua ukurasa wa kwanza kuliko wa mwisho, kwa sababu kila zoezi huanzia mwanzo na muda huisha kabla ya mwisho. Kisha siku ya tamasha wimbo unaanza kwa kishindo na kumalizika kwa wasiwasi, na msikilizaji anaondoka na huo wasiwasi. Geuza. Fundisha mistari ya mwisho kwanza, halafu ile inayoitangulia, hivyo hivyo hadi mwanzo. Mwimbaji atakuwa kila wakati anatoka pasipo na uhakika kuelekea anapopajua, na hilo humpa ujasiri usioelezeka.

Kurekodi kila sauti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp kumeokoa majuma mengi ya kazi, na nakushauri ufanye hivyo. Tuma sauti ya pili peke yake, ya tatu peke yake, polepole, ukitamka vizuri, kwa sababu hata kosa lako wataliiga. Ila uwe na tahadhari: mtu aliyejifunza wimbo kwa spika ya sikioni, peke yake chumbani, ameujua bila kuwahi kumsikiliza mwenzake. Kwa hiyo muda wa mazoezi usiutumie tena kufundisha noti ambazo watu wanaweza kuzisikiliza nyumbani. Utumie kwa yale yanayowezekana tu watu wakiwa pamoja.

Mwisho wa juma la nane karatasi ziondoke mikononi, bila huruma. Mwenye karatasi anaiangalia karatasi; shingo inainama, koo inabanwa, na mkono wako hauonwi na mtu.

Kwaya kushuka

Hili nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linaloangusha kwaya nyingi nzuri, na waimbaji wenyewe hawalisikii. Fanya jaribio hili wiki ya tano au ya sita. Toa ufunguo kwa kinanda, kisha mwombe mpiga kinanda aondoe mikono. Imbeni ubeti mzima na kiitikio. Mkifika noti ya mwisho ishikilieni, na mpiga kinanda apige noti iliyotakiwa kuwa pale. Mara ya kwanza kimya kitaingia chumbani. Kwaya iliyoanza F imemalizia E, wakati mwingine chini ya hapo, na hakuna aliyejua.

Sababu ziko kadhaa na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni pumzi. Pumzi ikiisha kabla ya sentensi, sauti inashuka na kuburuta wengine. Kwenye noti ndefu wafundishe kupokezana pumzi, jirani wawili wasipumue kamwe mahali pamoja, na anayerudi arudi kwa sauti ndogo ili mlango wake usisikike. Ya pili ni noti zinazojirudia. So tano mfululizo haziwi sawa: kila moja huwa chini kidogo ya iliyotangulia, hadi ya tano si so tena. Waambie waifikirie kila inayofuata kuwa iko juu kidogo. Ya tatu ni hatua ndogo. Kutoka ti kwenda do watu hupanda kidogo mno, na kutoka fa kushuka mi hushuka kupita kiasi. Chukua mi yenyewe, ile inayoupa wimbo furaha yake, kwa kawaida iko mikononi mwa sauti ya pili au ya tatu, na ikilegea kidogo tu wimbo mzima unanyong'onyea. Katika mazoezi waulize: nani ana mi hapa? Anyooshe mkono. Watu ishirini wakijua kwamba wao ndio wenye mi, wataitunza.

Sababu ya nne haina uhusiano na masikio. Ni uchovu, joto la ukumbi, kusimama muda mrefu, na uso uliokunjamana. Mwimbaji mwenye nyusi zilizolegea na midomo iliyoshuka huimba chini. Ukiona wimbo unaanza kuzama, usipunge mkono kwa ukali. Inua nyusi zako mwenyewe, tabasamu, simama wima. Kwaya humwiga mwalimu bila kujua.

Kuna wimbo ambao kila siku utashuka, hata ufanye nini, na mara nyingi ni wa F. Upandishe nusu toni. Walimu wengi wameona kwamba wimbo uliokuwa ukizama katika F unasimama imara katika F kali, labda kwa sababu katika ufunguo huo mpya koo bado hazijazoea kulegea. Hapa ndipo tunapoona neema ya solfa tuliyoachiwa na wamisionari. Mfumo huo, ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover, hauifungi do mahali pamoja. Do ni do popote utakapoiweka, kwa hiyo mwimbaji wako habadilishi herufi hata moja kwenye karatasi yake. Mpiga kinanda ndiye mwenye kazi, na akitumia kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, awe na mazoea ya kukirudisha sifuri baada ya kila wimbo. Nyimbo nyingi zimeanzia juu kabisa ya uwezo wa sauti ya kwanza kwa sababu ya kitufe kilichosahauliwa.

Maneno

Tunadhani kwa kuwa Kiswahili ni chetu, matamshi yatajipanga yenyewe. Hayajipangi. Watu arobaini kutoka mikoa mbalimbali wakitamka kila mmoja kwa mazoea yake, msikilizaji husikia ukungu. Wapo wanaochanganya r na l, wapo wanaosema "zambi" kwa dhambi, wapo ambao ghadhabu yao haina gh. Mtu mmoja mmoja hilo si kosa la kumwaibisha, na usimtaje mtu jina mbele ya wenzake. Soma maneno pamoja nao bila kuimba, kwa mwendo wa wimbo, mstari kwa mstari, hadi kwaya nzima iwe na mdomo mmoja.

Irabu zetu tano ndizo zinazobeba sauti, na mwimbaji anapaswa kukaa juu ya irabu hadi dakika ya mwisho. Katika *upendo*, silabi ni u-pe-ndo. Noti ndefu ikiwa kwenye "pe", mdomo ubaki wazi kwenye e, na "nd" ije pamoja na noti inayofuata. Anayefunga mapema na kuimba "upennnn-do" ameua sauti katikati, kwa kuwa n haiwezi kujaza ukumbi. Vivyo hivyo *wi-mbo* na *Mu-ngu*. Kinyume chake ni ile m inayosimama yenyewe, kama katika *mkono* au *mtoto*: hiyo ni silabi kamili, mara nyingi ina noti yake. Ifungie midomo na uiimbe hapo hapo kwenye noti, bila kuichomekea u ikawa "mukono". Katika *nchi*, n ndiyo yenye mkazo, na mtunzi mzuri huwa ameipa noti nzito.

Mkazo wenyewe unahitaji uangalifu katika tenzi zilizotafsiriwa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni nyingi za Kijerumani na Kiingereza zilitengenezwa kwa maneno yanayomalizikia kwa kishindo. Ndipo tunaposikia "Bwa-NA" na "Mwoko-ZI" zikipigwa nyundo. Tuni huwezi kuibadilisha. Unachoweza ni kuipunguza nguvu ile noti ya mwisho na kuegemea kidogo ile iliyotangulia. Jaribuni mara mbili tu na mtasikia lugha ikirudi nyumbani.

Pumzi nazo zifuate maana. Katika *upendo wa Bwana*, kama lazima upumue, pumua kabla ya "wa", kamwe si baada yake. Weka alama za pumzi kwenye karatasi siku ya kwanza, maana pumzi iliyozoeleka vibaya ni ngumu kuing'oa kuliko noti mbaya.

Kuna kwaya nyingi za ng'ambo zinazoimba *Baba Yetu* ya Christopher Tin, wimbo wa Kiswahili uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta mwaka 2005 na kushinda tuzo ya Grammy mwaka 2011. Wapigie waimbaji wako rekodi mbili tatu za kwaya hizo. Wataona jinsi watu wasiokijua Kiswahili walivyojifunza kila irabu kwa bidii, na kule wanakojikwaa wataona pia kwa nini nimekaa muda mrefu kwenye silabi.

Mwalimu ajiondoe

Kuanzia juma la tisa anza kuwavuruga kwa makusudi. Zima kinanda katikati ya wimbo bila kutangaza. Umeme utakatika siku moja, na ni afadhali ukatike kwanza mikononi mwako. Waondoe kwenye mistari ya sauti zao na uwapange duara, kila besi akiwa katikati ya sauti ya kwanza na ya pili. Watalalamika. Siku ya pili watakuambia wamesikia vitu ndani ya wimbo ambavyo hawakuwahi kuvisikia. Chukua waimbaji wanne, mmoja kwa kila sauti, waimbe ubeti mbele ya wenzao. Usianze na wenye sauti nzuri. Anza na wale wa katikati, kwa upole, na kwaya iwapigie makofi. Baada ya wiki tatu hakutakuwa na mtu wa kujificha nyuma ya mwenzake.

Kisha anzisha wimbo, shusha mikono, tembea hadi mwisho wa ukumbi ukasikilize. Huko nyuma ndiko aliko msikilizaji, na wewe kwa miezi umekuwa ukisikia kwaya kutoka hatua mbili. Utasikia sauti ya kwanza imefunika kila kitu, au maneno ya ubeti wa pili hayaeleweki kabisa. Rekodi kwa simu kutoka hapo, uwape wasikilize.

Fanyia mazoezi pia yale yasiyo nyimbo. Jinsi ya kuingia jukwaani, nani anafuata nani, macho yanatazama wapi. Jinsi ya kupokea makofi bila kuanza kunong'ona. Kutoka wimbo hadi wimbo: mpiga kinanda anatoa do, kila sauti inatafuta noti yake kimya kichwani, mkono unapanda. Jambo hili dogo likifanyika ndani ya sekunde kumi mara kumi na nne, tamasha zima linapata heshima. Kama mnacheza, chezeni na kuimba kwa wakati mmoja tangu juma la sita, kwa sababu hatua zinakula pumzi, na mtindo utakaowamaliza pumzi ufupishwe. Vaeni sare kamili angalau zoezi moja. Kitenge kilichobana kifuani kinazuia mbavu kupanuka, na viatu vya kisigino kirefu kwenye jukwaa la mbao vinasikika kuliko sauti ya pili.

Ukumbi, mvua na mitambo

Nenda ukumbini saa ile ile ambayo tamasha litafanyika, si asubuhi. Piga makofi mara moja na usikilize: mlio ukirudi na kuzungukazunguka, imbeni nyimbo za haraka kwa mwendo wa chini kidogo na mkaze konsonanti. Ukumbi mtupu huvuma kuliko uliojaa, kwa hiyo usiogope sana. Tazama juu. Kama paa ni bati bila dari, usipange tamasha wakati wa masika, kwa sababu hakuna kwaya duniani itakayosikika chini ya bati wakati mvua inanyesha. Uliza jenereta iko wapi na inanguruma kiasi gani.

Kwaya ya watu arobaini katika ukumbi wa watu mia tatu haihitaji vipaza sauti vya waimbaji. Ikibidi, viwe viwili au vitatu, mbele na juu kidogo ya vichwa. Kanuni ya mafundi ni kwamba umbali kati ya kipaza na kipaza uwe angalau mara tatu ya umbali kutoka kipaza hadi kwa waimbaji. Vikiwa mita moja kutoka kwao, viachane mita tatu. Vikisogeleana, sauti zinakwaruzana na kuwa nyembamba. Spika ziwe mbele ya kwaya zikiwatazama wasikilizaji. Zikiwa nyuma yenu zitapiga mluzi jioni nzima. Fundi mitambo mwite kwenye zoezi la mwisho, asikilize kwaya bila mitambo kwanza, ndipo ajue anachotakiwa kukikuza. Na kinanda kisiwe na sauti kubwa kuliko watu.

Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Wiki ya mwisho usifundishe chochote kipya. Zoezi la mwisho liwe fupi, siku mbili kabla.

Kuhusu koo, nina ombi kwa waimbaji wanaoamini mayai mabichi na vijiko vya mafuta. Unachomeza kinapita kwenye njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti. Kinachozisaidia ni maji ya kutosha siku nzima, kuanzia siku moja au mbili kabla, pamoja na usingizi, na kuacha kupiga kelele kwenye harusi ya Jumamosi. Aliyekaukiwa na sauti anyamaze kabisa, kunong'ona hakumpumzishi. Watu wale saa mbili au tatu kabla ya kuimba, chakula cha kawaida. Wakiwa wamesimama, magoti yasikazwe kama mbao, maana ndivyo watu wanavyozirai jukwaani.

Fikeni saa tatu kabla. Kujaribu mitambo kusizidi nusu saa: mianzo, miisho na wimbo mmoja wenye kelele, kwa nusu ya sauti. Kupasha sauti kuje baadaye, dakika kumi na tano kabla ya kuingia, kwa kuvumisha midomo ikiwa imefungwa, kisha kuitetemesha kama mtoto anayeigiza gari, kisha ngazi fupi za kushuka kutoka so hadi do.

Mpangilio wa nyimbo uanze na ule unaokaa katikati ya sauti za wote, ambao hauwezi kuharibika. Mgumu kuliko yote uwe wa tatu au wa nne, koo zikiwa zimeamka na akili bado safi. Kabla ya mapumziko weka wa shangwe. Usifuatanishe nyimbo tatu za ufunguo mmoja. Masikio ya watu yatasinzia.

Sasa mgeni rasmi. Kwa heshima zote, tamasha lililotangazwa saa kumi lianze saa kumi. Watu waliofika mapema hawastahili kuadhibiwa, na kwaya iliyopashwa sauti ikasubiri dakika hamsini imepoa. Kubaliana na kamati mapema kwamba hotuba, utambulisho na changizo vyote vinakaa mahali pamoja, mwanzoni mwa sehemu ya pili, na kwaya iwe imekaa wakati huo. Kabla ya kurudi jukwaani, dakika moja ya kuvumisha nyuma ya pazia inatosha. Kwaya alikwa zipewe nyimbo mbili kila moja, na zijue zinaingia baada ya wimbo upi, ili zisubiri karibu. Mshereheshaji mpe karatasi yenye majina ya nyimbo na watunzi yaliyoandikwa kwa usahihi, na mwombe asielezee wimbo kabla haujaimbwa.

Wimbo ukiharibika, usisimamishe isipokuwa umevunjika kabisa. Chagua mapema katika kila wimbo sehemu mbili za kukutania, kwa kawaida mwanzo wa kiitikio, na kwaya ijue kwamba yeyote aliyepotea ananyamaza na kusubiri hapo. Ukivunjika kabisa, inua mkono, toa ufunguo tena, anzeni upya kwa utulivu. Wasikilizaji husamehe hilo ndani ya mistari miwili.

Ndani ya juma moja baada ya tamasha ikutanishe kwaya isikilize rekodi yote mfululizo, kila mtu akiwa na karatasi yake ya zamani na kalamu, wakiandika walipojisikia wameshuka, maneno yaliyopotea, na mahali walipojivunia. Zikusanye karatasi hizo. Ndizo utakazopangia nyimbo za tamasha lijalo. Siku hiyo hiyo mweka hazina asome hesabu mbele ya wote: kiingilio, changizo, ukumbi, mitambo, nauli, kilichobaki. Vilivyoazimwa vyote virudishwe kabla ya Jumapili.